Kahawia

Miaka sita nimewalinda nyoka.
Kifutu hahitaji maelezo: watoto wa shule
wakishaona kichwa chake hurudi nyuma wenyewe.
Mwezi huu nimehamishiwa ukumbi wa pili,
nilinde theluji.

Ilifika katika masanduku kumi na manne,
yakinuka mti nisioujua,
na kijana wa Uswidi, jasho likimtiririka,
akanikabidhi kipimo chenye mshale.
"Unyevu," akasema, kwa Kiswahili cha kukariri.
"Ukipita hapa, piga simu."
Bwana, hapa ni Kisumu. Ziwa lile pale.
Mshale ulipita siku ya kwanza, saa tatu asubuhi,
ukakaa huko huko kama mgeni aliyependa chakula.

Wiki ya tatu sasa nimesimama nazo,
picha za miaka mia na ushei,
nimeanza kuzijua kwa tabia.
Ile ya bandari imepinda, nyumba zinaegemeana
kama watu watokao matangani alfajiri.
Ile nyingine ina farasi watatu,
au mmoja aliyekimbia mara tatu, sijaamua.
Na theluji yenyewe si nyeupe. Ni buluu,
pembeni ina waridi,
na mwalimu mmoja kutoka Nyalenda aliwaambia wanafunzi
kwamba mchoraji alikosea.
Nikanyamaza. Mlinzi halipwi kwa maoni.

Lakini ile ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea:
mwanamke ameketi mezani, kikombe mbele yake,
uso wake kijani.
Si kijani cha ugonjwa. Kijani cha jani la mgomba
jua likilipiga kwa nyuma.
Kibao chasema: Tekla Lindmyr, 1914.

Nikakumbuka Kibuye, ukuta wa kinyozi Ombewa,
na kaka yangu Agalo juu ya ngazi ya kuazima.
Vichwa vinne, mitindo minne ya nywele.
Cha nne, kahawia ikamwishia shingoni.
Jumapili, duka la rangi limefungwa.
Mkebe uliobaki ulikuwa wa kijani,
masalio ya lango la shule.
Akaendelea.
Na ulikuwa, nasema mimi niliyeshika ngazi,
uso pekee ukutani uliokutazama.

Ombewa hakutoa hata shilingi.
"Nani atanyolewa ili afanane na kinyonga?"
Soko zima likacheka, na jina likamganda: Agalo Kinyonga.
Brashi aliziuza kwa fundi wa viti.
Siku hizi anasukuma mkokoteni wa maji, Manyatta.

Jumatatu, kabla hatujafungua,
nilimpitisha mlango wa nyuma, kwenye kobe,
nikamsimamisha mbele yake.
Aliikaribia mpaka nikakohoa.
Akainusa, kama mama anusavyo maziwa ya jana.
Akarudi hatua mbili, akainamisha shingo
aone mwanga ukiteleza juu ya njia za brashi.
Mimi nilikuwa na neno langu tayari,
nimelibeba wiki nzima: unaona? unaona, Agalo?

Akanyosha kidole, hakugusa.
Meza ya yule mwanamke. Kiti chake. Mlango nyuma yake.
Kahawia, kahawia tele, imepakwa kwa unene
kama siagi ya mtu asiyehesabu.
"Huyu," akasema, "hakuishiwa."

Neno langu likabaki mdomoni.

Kisha: "Hebu soma hapo. Alilipwa?"

Nikasoma kibao mpaka chini, nikarudia.
Kinataja shule, safari ya Paris,
magazeti yaliyomtukana, mwaka aliokufa.
"Hakisemi," nikamjibu.
Akacheka, kile kicheko chake cha juu ya ngazi
ambacho nilidhani kiliuzwa pamoja na brashi,
akaenda zake. Watu wa Manyatta wanangoja maji.

Kwenye daftari la zamu kuna safu ya Unyevu
na safu ya Sababu.
Wiki tatu nimeandika: ziwa. Ziwa. Ziwa.
Jumatatu ile niliandika:
mgeni mmoja, alikaribia sana.