Isale

Saa moja kasoro robo, nikishuka kutoka Kibosho,
kirikuu imebeba trei arobaini za mayai,
redio inasoma matangazo ya vifo kama kawaida yake,
mkono wangu wa kulia ukaacha kazi.
Haukuniaga. Ulidondoka pajani
kama kanga iliyoteleza kwenye bega la mtu mwingine.

Nikauambia: shika usukani.
Kilichotoka kinywani hakikuwa maneno,
kilikuwa uji.

Na mguu wa kulia, ule wa mafuta, ukawa mzito kama kinu.
Ukakanyaga. Sikukanyaga mimi, ulikanyaga wenyewe.
Mteremko, kona, ukungu,
na upande wa kushoto watoto wa shule, sweta za kijani,
wawili wawili;
nawaona hadi leo, mmoja akimenya muwa kwa meno.

Mkono wa kushoto,
ambao maisha yake yote ulikuwa wa kubadilisha gia
na kushika kitunguu mwenzake akate,
ndio uliokata kona kulia,
ndio uliovuta hendibreki
ndani ya uzio wa masale wa watu.

Kisha kimya. Kisha ute
ukishuka kwenye lami, taratibu, bila haraka ya kwenda sokoni.

Kundaeli alitoka na panga la kukatia majani ya ng'ombe.
"Mama, umelewa asubuhi yote hii?"
Halafu akaona mdomo wangu ulivyokwenda upande,
akalitupa panga.

*

KCMC, kitanda cha dirishani.
Mlima ulikuwa pale, mzima, na jina lake silijui.
Tumsifu, binti wa mazoezi ya kusema, akainua kijiko.
Hiki nini?
Ufunguo, nikasema.
Kalamu: ufunguo.
Picha ya kuku (mimi, niliyefuga kuku miaka kumi na tisa): ufunguo.
Mwanangu Anande akatoka nje, eti anapokea simu.
Simu yake ilikuwa kitandani kwangu.

Yalianza kurudi matusi.
Muuguzi alicheka, akasema ni dalili njema.
Kisha nyimbo za kanisani, beti nzima nzima, bila kukwama,
na nikitaka kuomba maji baada ya Amina, hakuna kitu.
Jina la marehemu mume wangu lilikuja siku ya Alhamisi
nikinywa mtori. Nililitamka mara sita
ili lisiondoke tena.

Usiku mguu bado unakanyaga shuka.
Kwenye ndoto mkono wa kushoto hauwahi.

*

Mwezi wa saba nikamwambia Anande: simama hapa.
Nilikuwa na fimbo, na jani la isale nimelifunga fundo
kwa mkono mmoja na meno.
Kwetu ukimpelekea mtu isale, umeomba msamaha,
na akilipokea hana ruhusa ya kubaki na kinyongo.
Njia nzima nilikariri: nisamehe uzio, nisamehe uzio.
Kundaeli akafungua mlango.
"Nisamehe ufunguo," nikasema.

Alicheka. Nami nikacheka, kwa upande mmoja.
Akalipokea jani.
Akanionyesha pale nilipopita:
vile vipande nilivyovunja alivichomeka tu ardhini,
na vimeota, vimepinda, havifanani na wenzao.
Mayai mazima yalikuwa kumi na manne, akasema.
Aliyachemsha, akawapa wale watoto.

*

Kirikuu iko uani. Kuku mwekundu anatagia kiti cha dereva
na sina moyo wa kumfukuza.
Jana alipotoka kuchakura nilikaa.
Harufu ni ileile, mayai na dizeli ya wengine.
Anande ameficha kile, kile cha kuwashia.
Leo nimekitafuta jina lake tangu asubuhi, halipo.
Nikavuta hendibreki.
Gari halikuwa linaenda popote.
Nikaiachia, nikaivuta tena.