Waipa Bado

Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani, uani,
nimelala chali juu ya gunia la singa
nikitazama tumbo la Landirova ya baba.
Bodi ni alumini, kutu haiiwezi;
lakini chesisi, ile mifupa isiyoonekana,
hewa ya chumvi imeila kimyakimya, kama riba.

Nagonga kwa nyundo ndogo.
Panapolia ngo, pazima.
Panapolia pu, natia alama ya chaki.
Chaki ni ya shule; kesho nitairudisha, iliyobaki.

Mama yuko mlangoni:
"Mwanamvua, na mikono hiyo usiniguse pazia."
Nasema sawa.
Pazia limeshaguswa tangu jana.

Kuna bolti moja, springi ya nyuma, kulia,
haitaki.
Nimeinywesha dizeli siku tatu,
nimeibembeleza, nimeitukana (Mola anisamehe),
nimechomeka bomba kwenye spana nikaning'inia
kama mwizi wa embe.
Fundi Mbelwa wa Makorora kapita, kachuchumaa,
kachungulia, kasema neno moja: "Kata."
Kata!
Kana kwamba haikukazwa na mtu.

Ilikazwa na baba. Imo daftarini,
daftari la miraba, jalada limekunywa oili
hadi likawa ngozi:
"Springi nyuma kulia. Bolti mpya. Nimekaza mwenyewe."
Mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne,
akawaendesha mameneja wa mkonge miaka ishirini na mbili,
na shamba lilipofilisika
akalipwa mishahara ya miezi kumi na mmoja
kwa gari lilelile, limekufa.
Akalisukuma toka Pongwe, yeye na vijana wanne,
siku mbili,
na hao vijana nao wakataka kulipwa.

Napekua nikitafuta habari za kabureta.
"Plagi nne, moja mbovu."
"Klachi yateleza. Nimemwambia meneja. Kacheka."
"Mvua kubwa. Oili ya gia nusu galoni.
Mtoto wa kike, saa kumi alfajiri.
Waipa haifanyi kazi."

Ndiye mimi huyo,
kati ya oili ya gia na waipa.
Nasoma mara tatu, tochi mdomoni,
mate yakinitiririka hadi sikioni.

Natoka chini ya gari, namsomea mama.
Ananyamaza. Anakunja ncha ya kanga, anaikunjua.
"Alitoa kichwa dirishani njia nzima hadi Bombo," anasema.
"Tulipofika, nesi akauliza mgonjwa ni yupi."
Halafu anacheka, halafu hacheki,
halafu anakwenda kuangalia wali.

Bolti nimeikata.
Msumeno wa chuma, saa nzima na robo,
kipande kimeniangukia kifuani kingali cha moto.
Kimo mfukoni, sijui cha nini.

Magharibi, ufunguo.
Ikaguna.
Jirani akafungua dirisha.
Ikaguna tena, ikatoa moshi mweusi juu ya nguo alizoanika,
ikazima.

Nikachukua penseli. Chini ya mstari wake wa mwisho
miaka tisa haina kitu, ila alama ya kidole.
Nikaandika:
"Bolti nyuma kulia nimekata. Mpya nimekaza mwenyewe.
Imeguna mara mbili.
Waipa bado."