Utepe

Walikuja kibandani kwangu Alhamisi jioni,
Mtendaji na kijana wake wa faili la kijani.
"Fundi, tunataka utepe. Mwekundu, ung'ae.
Jumamosi tunazindua kalavati."
Mita ngapi, nikauliza.
Mtendaji akapanua mikono
kama mtu anayesimulia samaki aliyemponyoka.
Nikaandika: saba.

Satini ya Kariakoo, elfu nne kwa mita.
Ufundi, pindo mbili na ua la katikati, kumi na mbili.
Jumla arobaini. Wakalipa thelathini,
kumi wakasema tutaonana.
Hatujaonana.

Jumamosi hema lilifunga njia tangu alfajiri,
Mwanakombo akakosa pa kupitisha beseni lake la mihogo.
Viti vilivalishwa nguo; sisi tulivua viatu, tope.
Maji ya chupa, kartoni juu ya kartoni,
huku Mikoroshini, ambako bomba hukohoa mara mbili kwa wiki.
Mgeni rasmi akakata. Makofi.
Walipoondoka nikatoa futi kamba
(mazoea tu, fundi hupima hata asichoshona),
nikapima kalavati ukingo hadi ukingo:
mita tatu na robo.
Utepe umelizidi daraja mara mbili,
na masalio.

Mwezi wa pili karatasi ikabandikwa ofisi ya mtaa,
Mapato na Matumizi, herufi kama mayai ya chawa.
Shomari Pazi akanisomea.
Kalavati, milioni tisa.
Uzinduzi wa kalavati, milioni sita na laki nne.
Humo ndani: utepe na mapambo, laki nane na nusu.
Rudia, nikamwambia.
Akarudia. Laki nane na nusu ikabaki palepale.

Mimi si msafi.
Mteja huleta mita nne, gauni likala tatu na nusu,
na ile nusu, siku nyingine, imekuwa kola ya mtu mwingine.
Kwa hiyo najua wizi unavyokatwa.
Haukatwi katikati, mwenye nguo ataona.
Hukatwa pindoni, kidogo hapa, kidogo mfukoni,
mpaka siku unainua mkono harusini
ndipo kwapa linasema.

Mkutanoni nilisimama na nakala ya risiti yangu.
Mtendaji akajibu kuna mchakato, kuna kasma,
"na utepe, mama, si kitambaa tu. Utepe ni shughuli."
Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe,
maana alisema vizuri.
Kisha ada ya taka ikapanda, elfu mbili ikawa tatu,
tukiwa bado tunafuta machozi ya kicheko.

Masika yakaja, hayakuuliza kasma.
Usiku wa Jumanne tulisikia kitu kikiguna,
kalavati limekaa chini.
Asubuhi saruji ilimeguka vidoleni
kama mkate wa kumimina wa juzi.
"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Bi Chausiku.
Nguo hii nimeigeuza ndani nje, bibi.
Nawaona. Wanatembea kwenye mshono.

Mjukuu wake nusura atumbukie, akienda madrasa gizani.
Tukatafuta cha kuzuia watu. Kamba hakuna.
Kijana wa genge akafungua kwenye baiskeli yake
vile vipande viwili vya satini, aliviokota siku ya makofi.
Nikaviunganisha, mshono mara tatu, bila malipo,
tukafunga toka nguzo ya umeme hadi mlango wa Mwanakombo.

Mita saba kasoro mshono.
Safari hii zimetosha,
shimo limekua mpaka kuufikia utepe.

Leo wiki ya sita. Jua limeupausha, una rangi ya ufizi.
Wapita njia huniuliza, fundi, hili nalo litazinduliwa lini?
Nawaambia mkasi upo,
mshika mkasi ndiye bado hajaandikiwa posho.