Daftari la Jouli

Saa nane za usiku, Ibra, mwezi wa Agosti.
Kiyoyozi kinakula wati elfu mbili
ili mimi, wa wati themanini nikikaa kimya,
nisiyeyuke juu ya kibodi.
Nimeliandika hilo mstari wa kwanza wa programu,
kama mtu aanzavyo na bismillahi:
kukiri deni kabla ya hesabu.

Nimejenga kijiji ndani ya mashine.
Nyumba sitini, watu mia tatu na kumi na wawili.
Riyali hamna, baisa hamna.
Bei ya kitu ni jouli kilizomeza
hadi kikafika mkononi.
Glasi ya maji: elfu tatu na ushei,
maana yalitolewa baharini, Suri, yakakamuliwa chumvi,
na bado sijahesabu pampu za kuyapandisha huku.
Kanzu iliyopigwa pasi.
Sinia la wali.
Mlango wa friji ulioachwa wazi na mtoto
asiyejua anataka nini.

Kila mwezi kila mtu hupewa fungu lake, sawa kwa sawa.
Haliuzwi, halikopeshwi, halirithiwi.
Mwezi ukiandama, lililobaki linafutika.
Nikajiona nimeziba kila tundu la tamaa.

Muhenna akapiga simu kutoka Maskati:
"Safi. Humo nani atakuwa tajiri?"
Hakuna, nikamwambia.
"Na mkarimu?"
Nikacheka. Nikabonyeza kitufe.

Namba 117 ni mjane.
Nilimpa umri wa bibi yangu, Bi Shinuna,
na magoti yake pia, kwa utani.
Siku ya ishirini fungu lake lilikuwa zima, halina hata jino.
Mashine ikamwonyesha kwa rangi ya kijivu:
amekaa, haendi popote.
Nikasoma kumbukumbu mpaka macho yakaniwasha.
Kila alfajiri alikuwa amebeba birika la kahawa
kwenda nyumba ya pili,
na kila alfajiri programu yangu ilimjibu mlangoni:
*muamala hauruhusiwi.*
Mara kumi na tisa.
Ya ishirini hakujaribu.

Sikulala. Kulipokucha ilikuwa zamu yetu ya falaji,
athari moja na nusu, dakika arobaini na tano za maji,
ukichelewa yamekwenda kwa mitende ya mwenzio
na hakuna wa kumdai.
Karani siku hizi anaandika kwenye simu.
Bibi alikuwa ameinama pale ukuta wa mfereji ulipopasuka,
anachuma nanaa.
"Ufa huu wamesema watauziba tangu mwaka juzi," akalalama,
"wazembe wakubwa,"
huku akijaza upande wa kanga.

Nikauliza nanaa ile ni ya zamu ya nani.
Akanitazama kama niliyeuliza
kivuli kimelipiwa kodi gani.
"Chuma, jua linakuja."

Nimerudi mezani na mikono yenye harufu.
Nimeandika kazi mpya, mistari kumi na moja tu,
nikaiita *ufa*:
katika kila jouli mia, tatu zivuje,
zisiwe za mtu, zisiingie daftarini,
aokotaye aokote, ampaye ampe.
Mhasibu yeyote angenifukuza.

Siku ya kwanza, 117 akasimama.
Siku ya pili birika likafika.
Siku ya tano nyumba ya pili ilirudisha birika
na ndani yake mlikuwa na kitu
ambacho mashine haikukitambua,
ikaandika tu: *kisichojulikana, moto.*
Nikampigia Muhenna, nikampigia kelele sikioni.

Siku ya arobaini, namba 58
ameweka ndoo chini ya ufa.
Ndoo moja. Jana zilikuwa mbili.
Kidole changu kiko juu ya kitufe.
Bibi ananiita chai.
Sijamzuia bado. Namtazama.