Bomba la Pili

Wanaosema damu ni nzito kuliko maji
hawajawahi kufanya kazi yangu.
Kazi yangu ni kuifanya nyepesi:
heparini kwanza, kisha maji ya chumvi,
mpaka ipite mrijani bila kushikana,
bila kukumbuka ukoo wa mtu.

Baba alikuwa fundi wa pampu
katika mtambo wa maji moto wa Łódź.
Januari, theluji ikikaba madirisha,
simu ililia usiku: ghorofa ya nane hawana joto.
Hakuuliza kama moto unawaka.
Aliuliza, "Maji yanarudi?"
Kwenda si kitu, alisema, akifunga kamba za viatu.
Kurudi ndiyo kazi.

Leo mezani yupo Bi Leokadia Wrońska,
dereva wa tramu, mstaafu, miaka sabini na mmoja,
vali yake imekakamaa kama bawaba yenye kutu.
Jana aliniuliza, moyo ukisimamishwa
yeye mwenyewe atakuwa wapi.
"Utakuwa kwangu, kwenye mashine."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Basi usinipitilize kituo."

Saa tatu na dakika kumi na mbili
Dokta Gniewosz anafunga kibano.
Moyo unatetemeka, unasita, unalala.
Mstari wa kijani unanyooka na hakuna anayelia,
kwa kuwa mbele yangu pampu inazunguka
lita nne na robo kila dakika;
damu inaingia nyeusi, inatoka nyekundu.

Nasoma namba
kama mama asomavyo uso wa mtoto mwenye homa.
Shinikizo, sitini na tano.
Joto, thelathini na mbili.
Oksijeni ya ubongo, sitini na sita.
Mkojo ni matone tu, lakini yapo,
na figo inayodondosha haijakata tamaa.

Kisha ubongo, sitini.
Hamsini na tatu.
King'ora bado kimya; nacho kina subira yake,
mimi sina.
Shinikizo halijayumba. Damu inakwenda.
Lakini kwenye tangi langu
kiwango kimeshuka upana wa kidole,
na nikamsikia baba akitafuta viatu gizani.

"Hairudi," nikasema.
Sindano ikabaki hewani.
"Nini hairudi?"
"Damu ya kichwani. Mrija wa juu. Utafuteni."
Gniewosz hapendi kuambiwa tafuta.
Arobaini na saba.
Ndipo muuguzi Kinga akainua ukingo wa shuka,
tukakiona: kiwiko cha Tymon,
daktari wa mwaka wa kwanza, miguu imemfa ganzi,
ameegemea mrija kama mtu aegemeavyo dirisha la basi.

Akakiondoa.
Ndiyo hivyo tu, kiwiko kimoja.
Hamsini na tano. Sitini na mbili.
Hakuna aliyesema neno. Uzi ukaendelea.

Dakika ya themanini na saba kibano kikafunguliwa,
na moyo ukashtuka
kama aliyeitwa kwa jina usingizini,
ukapiga mmoja, ukanyamaza,
ukapiga.

Usiku nilipita wodi ya mahututi.
Skrini sita, dripu saba,
na Tymon kwenye kiti kisicho chake,
ameshika mguu wa Bi Leokadia,
anabonyeza ukucha wa kidole gumba
mpaka uwe mweupe, anaachia, anahesabu.
"Sekunde nne," akaniambia bila kuinua kichwa.
"Saa mbili zilikuwa sita."
Hakuna aliyemwagiza.
Nikamwachia chai yangu.

Nyumbani alfajiri, kabla ya kuvua koti,
nilipiga magoti chini ya dirisha
pale mabomba mawili yanapoingia ukutani.
La kwanza lilikuwa moto; sikulishangaa.
Nikaweka kiganja kwenye la pili.
Vuguvugu.
Nikakaa hapo, koti mwilini, mkono ukiwa palepale,
mpaka tramu ya kwanza ikapita.