Kifurushi cha Uvinza

Butoyi,
treni ya Kigoma imechelewa, wanasema saa nne,
maana yake sita,
nami nimekalia mzani wa vifurushi hapa stesheni ya Tabora
navifunga vitabu vyako kwa kamba ya katani.
Soma maoni yangu kwanza, halafu unibishie.

Cha upelelezi kimenichosha.
Muuaji nilimjua ukurasa wa arobaini:
ni yeye peke yake aliyeelezwa viatu.
Mwandishi kamficha kama mtoto kwenye kombolela,
uso nyuma ya pazia, matako sebuleni.
Na huyo mpelelezi! Hali, halali, hakosei.
Mtu asiyekosea ana haja gani na kurasa mia mbili?
Wangempa barua moja, amalize.

Cha mapenzi usilicheke jalada.
Ndiyo, kuna mvua, kuna gari jekundu,
kuna mama mkwe mwenye sauti ya kinu,
na tangu mwanzo hadi mwisho hakuna aliyeosha sufuria.
Nilikuwa nasoma huku nasonya.
Ila ukurasa wa mia mbili na kumi na moja
msichana anamwambia mwenzake, "Mimi nimeshakula,"
na hajala.
Nikakiweka chini, nikatoka nje kuangalia mataruma.
Sijui mwandishi alijua alichoandika
au kalamu ilimponyoka.

Kingine, mji uko mwezini.
Watu wa huko wanasema Kiswahili cha taarifa ya habari,
hakuna hata anayekohoa.
Mitambo imetajwa sitini, nimeihesabu;
anayefagia hakutajwa.
Kaka yangu Msabila kakisoma mara mbili, anasema mimi sina mawazo.
Sawa.
Lakini vumbi lote lile, Butoyi, nani analitoa?

Kile kinene ni cha wapagazi wa zamani, wa huku kwetu.
Mwandishi kasoma sana, inaonekana,
inaonekana mno:
mhusika akifungua mdomo unatoka mwaka.
Wanapendana kwa tarehe, wanakufa kwa hesabu.
Lakini bega kalijua.
Pale anapoeleza ngozi inavyokufa ganzi chini ya pembe,
ikawa ngumu kama kisigino,
mahali ambapo mke hawezi tena kuegemeza kichwa,
nilijishika hapa, chini ya shingo,
mimi ninayebeba kalamu na mihuri.
Ruka sura za katikati. Usiruke bega.

Cha jini nilikisoma umeme umekatika, kwa tochi ya simu.
Jini anaishi kisimani, ana kucha,
na ana maelezo mengi kuliko wakili.
Nilimcheka hadi jirani akagonga ukuta.
Saa nane usiku nikabanwa, na choo kiko uani.
Nilingoja adhana.
Basi sina la kusema; katimiza kazi yake.

Hivyo ni vitano. Cha sita kipo,
chembamba, hakina jalada wala jina,
abiria wa Mpanda alikisahau chini ya kiti.
Hakuna kinachotokea humo. Mwanamke anaanika mpunga,
kuku wanakuja, anawafukuza,
wanakuja.
Sura kumi na moja.
Nikaandika daftarini "kinachosha", nikafuta.
Nikaandika "kizuri", nikafuta. Karatasi ikatoboka.
Hicho sikutumii.
Mwenyewe akija kukidai
nitasema hatujakiona.

Vya mwezi uliopita vimefika salama.
Chumvi ya huko ilimwagika mezani nilipovifungua.
Kile cha shule ya bweni kilikuwa safi, punje moja hakuna,
nikajua hukufika mbali.
Lakini kile cha mjane, sura ya tisa,
kurasa zilikuwa zimegandana.
Penseli yako uliandika "si kibaya" tu.
Sikuuliza chumvi ile ni ya mkono au ya wapi.

Doa kwenye cha mwezini ni asali.
Vidole vya Msabila, mwandikie yeye.

Mzani unasema kilo mbili na robo.
Nimeandika mbili.