Kadi Kumi na Mbili

Wanasema chema chajiuza.
Waliosema hawajakaa kibandani mwangu, Mazyr,
kituoni mwa tramu iendayo kiwanda cha mafuta,
mwezi wa pili, miguu ndani ya viatu vya sufi,
wakiuza kadi za wanamichezo kwa kopeki themanini.

Mchezaji wa hoki huisha kabla ya saa nne.
Hana meno mawili ya mbele, na pengo hilo humwongezea bei.
Binti wa tenisi wavulana humnunua kwa siri,
humlaza katikati ya daftari la hesabu.
Yule wa bunduki mgongoni na mbao za theluji miguuni
huchukuliwa na wastaafu, tatu tatu;
sijui wanazipeleka wapi.
Hata kipa wa timu iliyoshuka daraja
ana watu wake wa kumlilia.

Yadviha Sauchanka, mtumbwi, mita mia mbili:
zililetwa kadi kumi na mbili vuli ya juzi.
Kumi na mbili zipo.

Simlaumu mtu.
Mashindano yake hayatoshi kumenya kiazi.
Unainama kuokota kisu, umeshapitwa.
Na kamera ikimfikia, yeye kapiga goti moja,
uso umemezwa na kafi na marasharasha,
kama anayechimba maji
akitafuta kitu alichodondosha utotoni.

Aliporudi na medali mji ulimshika siku nne.
Meya alimpa maua na birika la umeme.
Watu walikuja, wakaitazama kadi yake mbele, nyuma,
wakairudisha kwenye waya.
Siku ya tano msimu wa hoki ukafunguliwa.

Jumanne moja alikuja mwenyewe.
Bega moja juu kuliko jingine, kofia imeshuka hadi nyusi.
Foleni nzima nyuma yake, hakuna aliyegutuka.
Alitaka kadi ya hoki, ya mpwa wake.
Nilikuwa nimeficha moja chini ya kaunta.
Akaiona yake, imechujuka kwa jua.
“Huyu anauzika?”
“Polepole,” nikasema.
Akacheka. Kiganja alichonipokelea chenji
kilikuwa kigumu kama ganda la mkate wa shayiri.

Barafu ilipopasuka Pripyati
nilishuka gatini, wanakofulia mazulia.
Ajuza sita, mikono mekundu, mipigo ya mbao.
Ghafla kimya. Wote wameinua vichwa.
Kitu chembamba kikapita, kikakata mto kama mkasi,
kikatokomea nyuma ya matete.
“Yadzya kapita,” akasema Pavlina. “Kaweke viazi jikoni.”
Nikauliza, mnajua ameshinda wapi?
Hawakujua. Wanajua kwamba hachelewi.

Ijumaa Pavlina akapanda hadi kibandani, anahema.
Saa yake ya ukutani imekufa, msumari uko mtupu.
Akaonyesha kwa fimbo: “Ile.”
Kopeki themanini, nikamwambia.

Akalipa hamsini.